Utukufu wa Kuchagua Bila Kununua

Kuna fadhila ambazo dunia imezisifu hata zikachoka: ukarimu, ushujaa, uaminifu. Na kuna fadhila moja iliyo kubwa kuliko hizo zote, ambayo hadi leo haijapata mshairi, haijatajwa katika hotuba ya mgeni rasmi, wala haijaandikwa kwenye khanga. Nayo ni kusitasita mbele ya kadi ya video: ile hali ya mtu mzima, mwenye akili timamu na fedha mfukoni, anayejiuliza kama kompyuta yake ya gemu inahitaji kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, 12 au 16, akajiuliza tena kesho yake, na mwaka ukiisha bado anajiuliza, bila kupungukiwa na ari na bila kuongezewa kadi.

Naandika kutoka Sumbawanga, na sioni mji unaostahili zaidi kuwa makao makuu ya fadhila hii. Tumekaa juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa upande mmoja na Ziwa Rukwa upande wa pili. Hewa yetu ni safi, baridi yetu ya Juni na Julai hutuliza damu, na soko kubwa la vifaa vya kompyuta liko Kariakoo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Mkazi wa Dar es Salaam hujaribiwa kila siku. Akitoka kazini aweza kuingia dukani, kulipa, na kufika nyumbani na kadi kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Sisi tumelindwa. Kati yetu na pupa ya namna hiyo pamesimama Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma.

Wapo wanaodhani kwamba kuchagua huku ni mtindo wa vijana wa juzi. Hawaijui nasaba yake. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya Marekani iliingiza sokoni kadi iliyoitwa Voodoo, nyingi zikiwa na megabaiti 4, na watu wakainunua bila mashauriano kwa sababu hapakuwa na cha kushauriana. Ulikuwa wakati wa giza. Mwaka 1998 ikaja Voodoo2, nayo ikaja kwa namna mbili, ya megabaiti 8 na ya megabaiti 12, na hapo mwanadamu akapewa kwa mara ya kwanza heshima ya kukosa usingizi kwa ajili ya namba hizo. Wakati huo barabara yetu ya Tunduma ilikuwa ya vumbi. Leo ni ya lami, kampuni ya 3dfx ilikwisha kufa na mali zake kuchukuliwa na NVIDIA, na swali bado ni lilelile, 8 au 12, ila megabaiti zimekuwa gigabaiti. Jambo linaloishi kuliko kampuni iliyolizaa, likaongezeka mara elfu na ushei bila kubadili hata tarakimu, halistahili kuitwa usumbufu. Ni urithi, na urithi hutunzwa.

Fadhila yake ya kwanza ni elimu. Anayenunua kadi hujifunza kitu kimoja tu, nacho ni bei. Anayechagua hujifunza kila kitu isipokuwa bei, maana bei hubadilika kabla hajamaliza kujifunza. Hujua kwamba kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, kwamba kila nukta huchukua baiti nne, na kwamba kwa hiyo picha moja nzima ya kioo ni kama megabaiti 8. Hapo hujiuliza: ikiwa picha ni megabaiti 8, gigabaiti 8 ni za nini? Mnunuzi hana swali hilo na hufa bila kuwa nalo. Mchaguzi hulifuata mpaka akazikuta tekscha, yaani zile picha zinazovishwa kuta, nyuso, nguo na nyasi ndani ya gemu. Tekscha moja ya nukta 4,096 kwa 4,096 ni megabaiti 64 ikiwa haijabanwa. Ikibanwa kwa njia za kisasa hushuka hadi 16, na ukiijumlishia nakala zake ndogo za kutazamwa kwa mbali hufika kama 21. Gemu kubwa hubeba tekscha za namna hiyo kwa mamia na maelfu. Vijana waliokuwa wakikimbia kipindi cha hisabati leo wanazidisha upana wa njia ya kumbukumbu kwa kasi yake bila kikokotoo, tena kwa hiari, tena usiku. Ni mtaala gani wa wizara umewahi kufika hapo?

Hujifunza pia lile somo ambalo kila nyumba ya Ufipa inalijua kuhusu kihenge: ukubwa wa tumbo si kitu kama mdomo ni mwembamba, na waweza kulala njaa mahindi yakiwa yamejaa ndani. Kadi ya GeForce GT 730, iliyotoka mwaka 2014, ilitengenezewa hata matoleo ya gigabaiti 4 za kumbukumbu ya aina ya DDR3, namba nono kwenye boksi, ilhali chipu yake ni dhaifu na njia yake ya kumbukumbu ni ya polepole kiasi kwamba gigabaiti hizo hukaa kama akiba isiyoliwa. Mwaka 2017 ikaja GT 1030 ya gigabaiti 2 za GDDR5, zinazopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatoka toleo lenye jina hilohilo na gigabaiti 2 hizohizo, lakini za DDR4, zinazopitisha chini ya 17. Mnunuzi wa haraka huona mbili na mbili, akasema ni sawa. Mchaguzi huuona ule mdomo wa kihenge. Na akishauona, hainunui ya kwanza kwa kuwa imezeeka, wala ya pili kwa kuwa imebanwa, na hivyo elimu humwokoa na hasara zote mbili kwa siku moja.

Fadhila ya pili ni uwekevu. Fedha ya mnunuzi huondoka mara moja na hairudi. Fedha ya mchaguzi hubaki naye, akiiona, akiihesabu, akiihamisha kutoka simu hadi benki na kutoka benki hadi simu. Na kama inapungua, inapungua kwa heshima, kidogo kidogo, kwa vifurushi vya intaneti anavyonunua ili atazame video zinazolinganisha kadi mbili asizonazo. Sikatai kwamba kwa miaka kadhaa vifurushi hivyo vyaweza kufikia thamani ya kadi yenyewe. Lakini tazama tofauti: aliyenunua kadi ana kadi moja, na aliyenunua vifurushi amezifahamu zote.

Uwekevu huo ni ngao pia. Sokoni kumejaa kadi bandia, hasa zile zinazojiita GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4 huku ndani yake mkiwa na chipu ya kale ya GTS 450 au GTX 550 Ti iliyobadilishwa jina kwa programu. Windows huiamini, boksi huithibitisha, na mwenye mali huigundua pale gemu inapokataa kufunguka. Ulaghai huu ulienea hata programu ya kukagua kadi iitwayo GPU-Z ikafundishwa kuzitambua kadi hizo na kuzitangaza kuwa bandia. Sasa nauliza: ni mchaguzi gani aliyewahi kutapeliwa kadi bandia? Hakuna. Hakuna hata mmoja, kutoka Laela hadi Namanyere, kutoka Matai hadi Kasanga. Mtu asiyepokea mzigo hawezi kupokea mzigo mbovu. Wengine huhangaika stendi wakisubiri basi la kutoka Dar es Salaam, wakimuuliza kondakta kama boksi lilipigwa na mvua. Mchaguzi wakati huo yuko nyumbani, mkavu, akisoma.

Fadhila ya tatu ni subira, na hapa ndipo historia imetutetea waziwazi. Mwaka 2014 NVIDIA iliuza GTX 970 kwa jina la gigabaiti 4. Wanunuzi wakafurahi. Ikaja kubainika kwamba gigabaiti 3.5 zilikuwa za mwendo kamili, na nusu gigabaiti iliyobaki ilikuwa ya mwendo wa kobe. Kesi ikafunguliwa Marekani, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kumlipa dola 30 kila mnunuzi wa huko aliyedai. Waliokuwa bado wanachagua hawakudai chochote, kwa sababu hawakupoteza hata hiyo nusu. Mwaka 2020 kampuni pinzani ya AMD iliandika hadharani kwamba gigabaiti 4 hazitoshi tena kwa gemu za kisasa. Januari 2022 ikatoa Radeon RX 6500 XT yenye gigabaiti 4. Aliyeyaamini maneno alichanganyikiwa na aliyeiamini kadi alijuta, ila mchaguzi, ambaye haamini neno wala kadi, alibaki wima.

Na Septemba 2022 ilitangazwa RTX 4080 kwa namna mbili, ya gigabaiti 16 na ya gigabaiti 12, ingawa ile ya 12 ilikuwa na chipu ndogo zaidi chini ya jina lilelile. Wachaguzi wa dunia nzima wakaanza kazi. Wakauliza, wakalinganisha, wakabishana, na katikati ya Oktoba NVIDIA yenyewe ikaiondoa kadi ya gigabaiti 12 kabla haijauzwa hata moja. Tulichagua mpaka kitu cha kuchagua kikafutwa. Sijui kama wanunuzi, pamoja na fedha zao zote, wamewahi kupata ushindi wa kiwango hicho.

Fadhila ya nne ni unyenyekevu mbele ya mafumbo. Mwishoni mwa 2020 ilikuja RTX 3070 yenye gigabaiti 8. Februari 2021 akaja mdogo wake, RTX 3060, akiwa na gigabaiti 12. Mdogo kamzidi kaka yake! Mnunuzi hutikisa kichwa na kuhama. Mchaguzi huketi. Hujifunza kwamba njia ya kumbukumbu ya 3060 ina biti 192, kwamba njia ya namna hiyo hubeba vipande sita vya kumbukumbu, kwamba kwa vipande vya wakati ule ilibidi iwe gigabaiti 6 au 12, na kwamba 6 zingekuwa aibu. Kwa hiyo zile 12 zilitokana na hesabu ya njia, ukarimu haukuhusika. Akishajua hayo, hujiuliza lililo bora: kaka mwenye nguvu na kumbukumbu ndogo, au mdogo mwenye kumbukumbu nyingi na nguvu kidogo? Swali hili halina jibu moja, na ndiyo maana ni swali bora. Maswali yenye majibu huisha, na yakiisha mtu hubaki na jioni tupu.

Fadhila ya tano ni udugu. Mnunuzi hucheza peke yake, mlango umefungwa, spika zikinguruma. Mchaguzi huhitaji wenzake. Kaa kijiweni Jangwani au Katandala jioni yoyote, utasikia mjadala ambao kiongozi wa dini angeuonea wivu kwa ibada yake. Mei 2023 ilitoka RTX 4060 Ti ya gigabaiti 8 kwa dola 399, na Julai ikafuata ya gigabaiti 16 kwa dola 499: chipu ileile, njia ileile ya biti 128, dola mia moja kwa gigabaiti nane. Wapo waliosema ya 8 ni dhuluma, wapo waliosema ya 16 ni dhuluma, na wapo wenye busara waliosema zote mbili ni dhuluma na kwa hiyo tuendelee. Vikombe vya chai viliagizwa juu ya vingine. Makampuni nayo, kwa kutambua jinsi mjadala ule ulivyounganisha watu, yakaurudia: Aprili 2025 ikaja RTX 5060 Ti ya 8 na ya 16, na Juni mwaka huohuo AMD ikaleta RX 9060 XT, nayo ya 8 na ya 16. Amani kama hii haijaletwa na mpira wa miguu, ambao kila Jumamosi huwagawa ndugu kwa rangi za jezi.

Hata aliye na kompyuta yenye kadi ya zamani aweza kuionja fadhila hii bila kutoka nyumbani. Gemu ya GTA V, iliyofika kwenye kompyuta Aprili 2015, ina ukurasa wa mipangilio wenye mstari unaoonesha kumbukumbu ya video iliyotumika na iliyopo. Ukipandisha tekscha, mstari unajaa. Ukizidisha, unageuka mwekundu. Nimeona watu wa heshima wakikaa mbele ya mstari huo jioni nzima, wakipandisha tekscha na kushusha vivuli, wakipandisha nyasi na kushusha maji, bila kukanyaga hata mara moja mji wenyewe wa gemu. Hawakumpiga mtu risasi, hawakuiba gari, hawakutukana polisi. Wazazi wanaolalamika kwamba gemu zinaharibu maadili wangekuwa na usingizi mzuri kama watoto wao wangefundishwa kubaki kwenye mipangilio.

Fadhila ya sita ni afya, ya mwili na ya mkoa. Kadi ya RX 580 hula umeme upatao wati 185, na RTX 3060 wati 170. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umenunuliwa kutoka Zambia, ukipitia Mbala, na kusaidiwa na mitambo ya dizeli. Na njia kubwa ya kilovolti 400 ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ilipangwa itufikie. Mchaguzi huusubiri umeme kwa moyo mkunjufu kuliko wote, maana hauhitaji. Taa zikizimika, aliyenunua hupoteza mechi, hupoteza alipofikia, na pengine huiunguza pawa saplai umeme unaporudi kwa kishindo. Mchaguzi huendelea na simu yake chini ya blanketi, sura imemulikwa, akili inakwenda. Na usiku wa Julai, upepo wa milima ya Mbizi unaposhuka, chumba cha mwenye RX 580 huwa na joto linalomfanya mtu mlegevu. Chumba cha mchaguzi huwa baridi, kama walivyolelewa wazee wetu, na mwili wake hukomaa.

Haki inanidai niwataje maadui wa fadhila hii, nao ni mafundi. Kijana mmoja mwenye adabu, mchaguzi aliyeiva, alipeleka swali lake kwa fundi wa kompyuta mjini.

"Shikamoo, fundi. Natafuta kadi ya gemu. Gigabaiti ngapi zinanitosha?"

"Marahaba. Unacheza gemu gani, na kioo chako ni cha ukubwa gani?"

Tazama ukatili wa maswali hayo. Kijana alikuja na bahari, fundi akamwonesha ndoo. Na baada ya kujibiwa, fundi akamaliza kazi kwa muda usiotosha kunywa chai. Akasema kwamba kwa San Andreas na PES 2017 gigabaiti 2 zinatosha. Akasema GTA V yenyewe ilipendekeza kadi ya gigabaiti 2, na ukiwa na 4 kwenye kioo cha 1,080 utacheza bila manung'uniko. Akasema kwa gemu nyingi kubwa za leo kwenye kioo hichohicho gigabaiti 8 ndizo za kuanzia, na pale zinapobana unashusha tekscha ngazi moja na jicho halitajua. Kwamba 12 hadi 16 ni za mwenye kioo kikubwa zaidi au anayetaka kila kitu kiwe juu kabisa na akae na kadi miaka mingi. Na kwamba kati ya kadi mbili, chipu yenye nguvu na njia pana ya kumbukumbu ni bora kuliko namba nono juu ya chipu dhaifu. Kisha akaongeza, bila aibu, kwamba kabla ya yote hayo aangalie pawa saplai, kwa sababu kompyuta nyingi za mitumba zilikuwa za ofisini, pawa zake ni ndogo, na kadi kama GTX 1050 Ti halisi, ambayo hula wati 75 na kwa kawaida haihitaji waya wa ziada, ingemfaa kuliko nyingine zote.

Kijana aliondoka akiwa amejeruhiwa. Kila alilosema fundi lilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: ukweli mfupi namna hiyo, ukiruhusiwa kuzagaa mjini, utafunga vijiwe na kuua mjadala, na vijana watabaki hawana la kufanya ila kucheza. Nashukuru kwamba kijana yule alikuwa na msingi imara. Alipofika nyumbani alijiuliza: je, fundi amezingatia gemu zitakazotoka miaka mitano ijayo? Roho yake ikatulia, akaanza upya.

Hoja hiyo ya miaka ijayo ndiyo nguzo yetu, na haijawahi kuanguka. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, tekscha zinazokosa nafasi huhamia kwenye kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, na kila zinapohitajika husafirishwa kupitia nafasi ya PCI Express, ambayo kwa toleo la 3.0 hupitisha gigabaiti karibu 16 kwa sekunde, wakati kumbukumbu ya RTX 3060 yenyewe hupitisha 360. Hapo gemu huganda na kuachia, huganda na kuachia, na kuta zikabaki na ukungu. Machi 2023, The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta, wenye kadi za gigabaiti 8 waliyaona hayo kwa macho yao. Marekebisho yaliyofuata yalipunguza tatizo, na wao wakacheza mpaka mwisho. Lakini sisi tuliosoma habari ile tuliumia kwa niaba yao kwa kina zaidi, na hatukuponywa na marekebisho yoyote, kwa kuwa marekebisho huponya gemu iliyopo kwenye kompyuta, na maumivu yetu hayakuwa kwenye kompyuta.

Wapinzani wenye elimu zaidi huniletea mfano wa wahunzi wa Kifipa. Wanasema: mababu waliinua malungu, matanuru ya udongo yenye kimo cha kama mita tatu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, chuma kilichotoka humo wakakisafisha mara ya pili kwenye kintengwe, tanuru dogo la mivukuto, kisha wakafua majembe na kulima matuta ya ntumba yaliyolisha uwanda wote. Masalia ya malungu yamesimama hadi leo. Je, wahunzi hao walikaa misimu wakibishana juu ya kimo cha tanuru? Najibu kwa heshima. Nawatukuza wahunzi, lakini walikuwa na udhaifu mmoja: walitaka jembe. Mtu akishataka jembe, hana budi kuamua. Mchaguzi amejikomboa na utumwa huo. Yeye hataki gemu. Anataka kadi sahihi, na kadi sahihi, tofauti na jembe, haina shamba linaloisubiri.

Wengine hunionesha watoto wa kibanda cha gemu. Wamebanana kwenye benchi mbele ya PlayStation iliyochakaa, pedi moja haina mpira juu ya kitufe, wanalipia mechi kwa sarafu, wanapiga kelele goli linapoingia, wala hakuna anayejua mashine ile ina kumbukumbu kiasi gani. Naam, nimewaona. Wanacheka. Lakini furaha isiyojua idadi ya gigabaiti zake ni furaha isiyo na cheti, na nawasikitikia kwa dhati.

Najua, ndugu msomaji, kwamba mpaka hapa umekuwa ukijiambia kwamba habari hii haikuhusu, kwamba wewe ni mwalimu, au mkulima wa alizeti, au mama mwenye duka Mazwi, na kadi ya video hujawahi kuigusa. Usijifiche. Unayo simu uliyoiacha dukani kwa sababu ya gigabaiti 128, ukarudi nyumbani kufikiria ya 256, na bado unatumia ile yenye kioo kilichopasuka. Unalo bati ulilolipima geji ya 28 na ya 30 mpaka mvua zikapita mara ya pili. Unaye mchumba uliyemlinganisha na mwingine mpaka wote wawili wakaolewa, na harusi zao ukachangia. Sisi sote tu wamoja katika kundi hili; tofauti ni kwamba mchaguzi wa kadi hutembea na fadhila hii mchana, na wengine mnaificha. Yule anayeamua mambo yake asubuhi na kuyatekeleza jioni nimemsikia akisimuliwa, wala sijaonana naye, na naamini akifika Ufipa atapewa kiti, maji ya kunywa na ushauri wa kutulia.

Kwa hiyo nasihi hivi. Wazazi wawafunze watoto kuchagua wangali wadogo, kabla hawajazoea kupata. Wenye maduka wawavumilie wanaouliza kila wiki, maana muulizaji wa kudumu ni mwaminifu kuliko mteja, ambaye akishanunua haonekani tena. Mafundi wajifunze kusema "inategemea" na kuishia hapo. Na anayeanza leo aanze kwa utaratibu: aweke fedha kando, achague kadi mbili zinazokaribiana bei, moja ikiwa na nguvu na nyingine ikiwa na kumbukumbu, awaulize watu watatu wasiokubaliana, kisha asubiri tangazo la Januari la kadi mpya, ambalo kwa kawaida hutolewa huko Las Vegas na halijawahi kutuangusha. Na mtu akimuuliza atanunua lini, amjibu kwa adabu na bila kutetereka kwamba zinazokuja zina zaidi.